Muulize Bi Waya: Kasi iliyoganda kwenye 94, na maswali mengine ya mtandao wa nyumbani

Barua zimerundikana, na nyingi zinaanza vilevile: "Nimeshanunua kifaa kipya, lakini..." Hiyo "lakini" ndiyo inayonipa kazi. Barua nimezifupisha. Majina ni yale mliyojichagulia wenyewe.

*

Bi Waya, nalipia kasi ya megabiti 300. Kwa Wi-Fi sebuleni napata 180 hivi, nikasema basi, hewa ni hewa. Nikafuata maneno yako nikachomeka waya kwenye kompyuta ya mezani: 94. Asubuhi 94, usiku 94. Huduma kwa wateja wanasema ruta imechoka, ninunue nyingine. Waya gani huu unaoshindwa na hewa?
*Mlipaji Mwaminifu*

Mlipaji, hiyo 94 yako imenifurahisha kuliko barua zote za toleo hili. Pesa zako zishike kwanza.

Msongamano wa mtoa huduma hupanda na kushuka. Alfajiri unapata 290, usiku watu wote wakiwa kwenye filamu unapata 120. Namba isiyotikisika saa zote inaonyesha kuna kikomo mahali fulani, na kikomo cha 94 kinajulikana kwa jina na sura. Kebo ya mtandao haina kasi ya katikati. Inakwenda kwa hatua: megabiti 10, 100, 1,000. Ukichomeka waya, ruta na kompyuta husalimiana na kukubaliana hatua ambayo waya ulio kati yao unaimudu. Vyako vimekubaliana 100.

Kwa nini basi usomewe 94? Kwa sababu pakiti, yaani kipande kimoja cha data, haisafiri uchi. Kila baiti 1,460 za data yako hubebwa pamoja na anwani, alama za ukaguzi na mwanya mdogo kabla ya pakiti inayofuata, hadi zote zinachukua nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya. Gawanya mwenyewe: asilimia 94.9. Ongeza vikorokoro vingine vidogo, unabaki na 94 na ushee. Mtu akinitajia namba hiyo siulizi tena habari za ruta, nauliza habari za waya.

Sasa shika kichwa cha ile kebo ukiangalie kwenye mwanga. Ndani ya plastiki utaona nyaya nane za rangi, jozi nne: machungwa, kijani, bluu, kahawia. Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu, ya machungwa na ya kijani. Kasi ya 1,000 inazitaka zote nne. Kwa hiyo jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, mtandao hauzimi, na taa inawaka kama kawaida. Unashuka hatua moja kimyakimya, na hakuna anayekuambia. Mara nyingi utakuta waya mmoja haukusukumwa hadi mwisho wa pini, au kile kikucha cha plastiki kimevunjika na kichwa kinalegea ndani ya tundu, au kebo imebanwa na mguu wa kabati.

Fanya hivi. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta, tafuta kasi ya kiungo. Ikisema 100, badilisha kebo, weka yoyote iliyoandikwa Cat 5e ubavuni, kisha angalia tena. Nina kebo moja fupi ya rangi ya machungwa inayokaa kwenye mkoba wangu kwa kazi hiyo tu, na imeokoa ruta nyingi zilizokuwa zinapelekwa jalalani. Ikibaki 100 hata kwa kebo nzima, hamia tundu jingine la ruta. Ikibaki 100 bado, tazama sifa za kompyuta na za ruta, maana zipo nyingi, hasa za bei ya chini, zenye matundu yasiyovuka 100. Hapo tu ndipo neno "nunua" linaruhusiwa kutamkwa, na hata hapo jua kwanza unachobadilisha ni kipi.

*

Shikamoo Bi Waya. Nafundisha kwa video nikiwa nyumbani. Mdogo wangu akianza kupakia video zake, sauti yangu inakatika na wanafunzi wananiona nimeganda mdomo wazi. Nikipima kasi kila kitu kiko sawa: 50 kushuka, 10 kupanda. Nilinunua kiongeza mawimbi, hali ni ileile. Niongeze kifurushi?
*Mwalimu Aliyeganda*

Marahaba, mwanangu. Usiongeze kwanza.

Kipimo cha kasi kinakuambia mizigo mingapi inapita kwa sekunde. Hakikuambii kila mzigo umesubiri muda gani kabla ya kupita, na sauti ya mtu haijali ukubwa wa njia, inajali kusubiri. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikizidi sana hapo, watu wanaanza kuongea kwa pamoja, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Ruta yako ina kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri zamu. Waundaji wengi waliifanya kubwa kwa nia njema, pakiti zisipotee. Video ya mdogo wako inaijaza, kisha neno lako "fungueni ukurasa wa tano" linaingia nyuma ya foleni nzima. Piga hesabu: foleni ya megabaiti moja ni megabiti nane. Kwenye njia ya megabiti 10 inachukua sekunde 0.8 kuisha. Hizo ni milisekunde 800 kabla neno lako halijatoka hata nje ya nyumba.

Mhandisi wa Marekani Jim Gettys alikutana na jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010. Alikuwa anahamisha mafaili makubwa, mtandao mzima ukawa mzito, naye akafuatilia hadi akakuta foleni zilizojaa kupita kiasi. Yeye ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la "bufferbloat". Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa waliyoiita CoDel. Badala ya kuuliza foleni ina urefu gani, inauliza pakiti imesubiri muda gani, na ikiona kusubiri kumezidi inaanza kuangusha baadhi ili anayetuma apunguze mwendo. Ndugu yake, fq_codel, anazitenganisha foleni ili video ya mmoja isimkalie mwingine.

Usiniamini bila kuona. Fungua dirisha la amri, andika *ping 1.1.1.1*, liache likimbie. Kwenye Windows ongeza *-t* mwishoni lisisimame. Labda utaona milisekunde za kwenda na kurudi kama 20, 22, 19. Mwambie mdogo wako aanze kupakia video kubwa, wewe kodolea macho zile namba. Zikiruka hadi mamia, mgonjwa amejieleza mwenyewe. Zikibaki 20 wakati bado unaganda, niandikie tena, maana itakuwa shauri jingine.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta sehemu ya kusimamia foleni: SQM, au QoS inayotaja fq_codel au mwenzake CAKE. Kasi ya kupanda iandike 9 badala ya 10. Ndiyo, unajipunguzia makusudi. Ukipunguza kidogo, foleni inajengeka ndani ya ruta yako yenye akili badala ya kujengeka kwenye kifaa cha mtoa huduma ambacho huna amri nacho. Ruta nyingi za kupewa bure hazina kitu hicho. Baadhi zinakubali kuwekewa OpenWrt, mfumo huria wa ruta, lakini hakikisha modeli yako imo kwenye orodha yao kabla hujagusa chochote. Kwa leo, programu nyingi za kuhifadhi mafaili mtandaoni zina sehemu ya kuweka kikomo cha kupakia. Mwekee mdogo wako kikomo, au apakie usiku ukiwa umemaliza vipindi.

Kiongeza mawimbi chako hakina kosa. Kilipewa kazi isiyo yake.

*

Fundi aliyenifungia ruta ameficha jina la Wi-Fi, ameweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, halafu akaniachia WPS niunganishe wageni bila kuwatajia nywila. Anasema haingii mtu. Nimelindwa?
*Mwenye Wasiwasi*

Amekuchorea makufuli mawili ukutani, mlango akauacha wazi.

Jina lililofichwa halifichiki. Simu yako yenyewe, kwa kuwa haiusikii mtandao ukijitangaza, inalazimika kuuita kwa jina popote unapokwenda, na mwenye programu ya kusikiliza mawimbi analisikia. Orodha ya vifaa nayo inategemea anwani ambayo kila kifaa huitamka hewani bila kuficha, na anwani hiyo inaigizika. Zaidi ya hapo, simu za siku hizi hutumia anwani za kubuni ili zisifuatiliwe, kwa hiyo siku moja utajikuta umejifungia nje mwenyewe.

WPS ndiyo ya kuzima leo. Ina namba ya siri ya tarakimu nane, na ukiisikia utadhani kubahatisha kunahitaji majaribio milioni 100. Sivyo. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutoka kwa zile saba, na ruta inathibitisha nne za kwanza peke yake kabla ya kugusa zilizobaki. Hapo majaribio yanashuka hadi 10,000 jumlisha 1,000. Stefan Viehböck aliliweka hilo wazi mwishoni mwa 2011, na bado mafundi wanaiacha imewashwa kwa sababu wageni wanaipenda.

Zima WPS. Kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA3, au WPA2 kama una vifaa vya zamani. Weka nywila ndefu ya maneno kadhaa yasiyohusiana, wageni wafungulie mtandao wa wageni, kisha badilisha nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi wa kutisha kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani. Haikuhitaji ujanja mwingine wowote.

*

Nilihamia Linux, mfumo huria wa kompyuta, baada ya Windows 10 kuachwa. Nikajiunga na jamii ya watumiaji, nikauliza: "Wi-Fi haifanyi kazi, naomba msaada ni haraka sana." Kimya. Kesho yake mmoja akajibu: "Soma mwongozo." Hawa watu mbona wana kiburi hivi? Nirudi nilikotoka?
*Mgeni Aliyenyamaziwa*

Kiburi kipo, nitakifikia. Tuanze na swali lako, maana mimi pia nisingelijibu. Si kwa ubaya: halina pa kushika. Lisome hili:

*"Nimesakinisha Linux Mint 22 kwenye laptopu iliyokuwa na Windows 10. Mitandao ya Wi-Fi haionekani kabisa kwenye orodha, hata nilipokuwa najaribu kutoka kwenye flashi. Nikiandika lspci, kadi inatajwa kuwa Broadcom BCM4360. Kwa waya intaneti inafanya kazi. Nimewasha upya, hakuna mabadiliko."*

Umeona? Anayelijua jambo hilo anajibu akiwa amesimama mlangoni: ukiwa kwenye waya, fungua kidhibiti cha viendeshi, chagua kile cha Broadcom, washa upya. Swali zuri lina mfumo na toleo lake, kilichotarajiwa, kilichotokea, ujumbe wa kosa neno kwa neno, na ulichokwisha kujaribu. Nusu ya watu wakiliandika hivyo hupata jibu kabla hawajalituma.

"Haraka" iondoe kabisa. Anayekusoma halipwi. Ana kazi yake na amekaa dakika kumi kwa hiari. Na usidhani adabu hapa ni pambo. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inaitwa xz, imo ndani ya karibu kila Linux, na kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu waliojificha nyuma ya majina ya mtandaoni walimwandama: mbona unachelewa, kabidhi kazi kwa mwingine. Naye alisema hadharani kwamba uwezo wake umepungua kwa sababu ya matatizo ya afya ya akili. Msaidizi mpole aliyekuwa akichangia kwa jina la Jia Tan akapewa funguo. Mapema 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa programu ya ssh kunachelewa nusu sekunde bila sababu, akafukua hadi akafika, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Wanaoandika "haraka sana" kila siku hawakuusababisha uhalifu ule, lakini wahalifu walijua kelele za aina hiyo zimezoeleka kiasi kwamba za kwao hazitashangaza mtu.

Sasa wakongwe, nanyi. "Soma mwongozo" bila kutaja ukurasa si jibu, ni kumfukuza mtu. Mwongozo una kurasa mamia na mgeni hajui hata neno la kutafuta. Kama angelijua, asingeuliza. Mkichoka, pitieni mkalale, mwingine atajibu. Nami nina ugomvi wangu wa binafsi na yule anayeandika "Nimeshapata, asanteni" kisha anatoweka bila kusema alipata nini. Miaka mitatu baadaye mtu mwenye kosa lilelile anaufikia ujumbe huo kama mwokozi, anakuta shukrani tupu. Wewe Mgeni ukifaulu, rudi uandike.

Kurudi Windows 10 sikushauri kwa kompyuta inayoingia mtandaoni, kwa kuwa masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

*

Ofisini tunalazimishwa kubadilisha nywila kila siku 90, iwe na herufi kubwa, namba na alama. Mimi naacha ileile, naongeza namba mwishoni. Mkuu wa TEHAMA amenigundua na kunisema mbele ya watu. Nani mkosaji?
*Nywila ya Kumi na Moja*

Kanuni yenyewe. Ilienea kutoka mwongozo wa miaka ya mwanzo ya 2000 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 NIST ikaja na mwongozo mpya uliosema watu wasilazimishwe kubadilisha kwa kalenda, wabadilishe pale tu kunapokuwa na dalili kwamba nywila imevuja, na urefu uthaminiwe kuliko kachumbari ya alama. Burr mwenyewe mwaka huohuo aliwaambia waandishi wa habari kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Sababu ndiyo hiyo uliyonitajia: kila mtu anaongeza namba mwishoni, na wavamizi wanajua.

Mpelekee mkuu wako waraka uitwao SP 800-63B. Faraghani, usimlipizie mbele ya watu. Wakati mnasubiri, tumia programu ya kutunza nywila, KeePassXC au Bitwarden, ikutungie nywila mpya kila wanapotaka.

*

Waya, waya, waya. Bibi, nimepanga, siruhusiwi kutoboa ukuta. Ruta iko kwenye kona ya sebule nyuma ya rafu ya chuma, chumba cha mwisho hakuna kitu, na kiongeza mawimbi nilichokiweka humo humo kinaonyesha mistari yote lakini hakifungui hata picha. Una la kusema?
*Mpinga Waya*

Ninalo, na safari hii halina kutoboa.

Mistari yote unayoiona ni kati ya simu na kiongeza mawimbi, vilivyokaa chumba kimoja. Kati ya kiongeza mawimbi na ruta hali ni mbaya vilevile kama zamani, maana umekiweka mahali ambapo mawimbi yameshakufa, sasa kirudie nini? Kihamishie katikati ya njia, penye nusu ya nguvu. Na jua kwamba kikipokea na kutuma kwa masafa yaleyale, kasi inapungua kama nusu.

Chumba cha mwisho tumia gigahetzi 2.4, inayopenya ukuta vizuri zaidi. Gigahetzi 5 iachie sebule, ni ya kasi lakini haipendi kuta. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu ndizo zisizopandana. Majirani wakiwa wamejaa kwenye 6, nenda 1 au 11, lakini usijifiche kwenye 3 ukidhani umepata upenyo. Utagombana na pande zote mbili. Oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi karibu na masafa hayohayo, kwa hiyo usiipe ujirani na ruta.

Zipo pia kebo bapa zinazopita chini ya mlango bila kuuzuia kufunga. Nimeitaja tu, usinikasirikie. Kabla ya yote hayo itoe ruta nyuma ya rafu ya chuma, iweke juu yake, kisha pima tena ukiwa chumba cha mwisho.